Kompyuta Chumbani kwa Bibi Harusi

Nimewatoa maharusi wengi katika mtaa wetu wa Waswahili hapa Rumonge, na hakuna bibi harusi aliyewahi kunishinda. Nimepata waliolia, waliogoma kula, hata mmoja aliyetaka kutorokea dirishani kwa sababu alisikia bwana wake anakoroma. Wote niliwatuliza. Lakini mwaka ule, vita vikiendelea na barabara ikifungwa na kufunguliwa, walipomweka ndani Sumaya binti Mansuri wakanikabidhi mimi, Zena, niwe somo wake, nilikuta kitandani pana bibi harusi na mezani pana kompyuta. Sikujua nianze na yupi.

Kompyuta ilikuwa ya baba yake. Shirika moja la misaada lilipofunga ofisi na kuondoka, Mansuri aliinunua akaileta nyumbani kwa fahari kubwa. Akaiwekea meza, akaifunika kitambaa cha kufuma, akapiga marufuku mtu yeyote kuigusa, naye mwenyewe akiwemo, maana hakujua kuitumia. Soketi iliyokuwa nzima katika nyumba ile ilikuwa kwenye chumba kimoja tu, na ndicho tulichowekwa sisi. Nilimwambia aitoe humo. Akaniambia ikihamishwa itakufa. Basi tukaishi humo watatu, mimi, Sumaya na hiyo kompyuta.

Ukoo wa Mansuri una desturi yake. Bibi harusi hatoki ndani mpaka shangazi yake amshike uso kwa mikono miwili, amgeuze kulia, amgeuze kushoto, amtazame vizuri, halafu awaambie watu: "Nimemwona. Mpeni njia." Hapo ndipo pazia linapofunguliwa. Shangazi wa Sumaya alikuwa Wema, dada yake Mansuri, na huyo Wema ndiye aliyemlea, kwa sababu mama yake alifariki mtoto akiwa bado ananyonya. Vita vilipotufikia, Wema alikuwa amekwenda Nyanza-Lac kumpa mtu pole ya msiba, safari ya kwenda na kurudi. Barabara ikakatwa nyuma yake. Akachukuliwa na mkumbo wa watu waliokuwa wakikimbia, wakapita Kabonga, wakavuka mpaka, akaingia kambini Tanzania, na kutoka kambini wazungu wakampeleka Norwe. Asubuhi ile Sumaya alimwona akijifunga kanga, na hakumwona tena, hata akawa mtu mzima wa kuolewa.

Watu walimwambia kwamba shangazi wa ukoo wako wengi, achague mmoja amtoe. Alijibu kwa upole, macho chini, vile vile ninavyowafundisha: "Mimi sitoki paka Shangazi Wema anione." Harusi ilikuwa imeshaahirishwa zaidi ya mara moja kwa ajili ya neno hilo. Picha zilizotumwa kwa posta zilipotelea njiani. Asmani, mchumba wake, muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, na mtu mpole, alikuwa ameanza kukonda, na mama yake alikuwa ameanza kunitazama vibaya, utadhani mimi ndiye niliyempeleka Wema Norwe. Watu walimwita Sumaya mkaidi. Mimi nilimpenda kwa ukaidi huo huo. Ningemtoa kwa nguvu angetoka, ila angetoka na uchungu ambao hata mume mwema hauondoi.

Aliyekuja na wazo la intaneti ni Roger, rafiki yake Asmani, fundi wa kompyuta aliyevuka ziwa kutoka Uvira. Alieleza hivi: tutengeneze ukurasa, tuweke picha za Sumaya, tuutie kwenye disketi. Disketi itakwenda Bujumbura kwa Domitille, mwanamke mwenye duka la intaneti karibu na soko, naye atauweka ukurasa hewani. Kule Norwe, Wema ataingia maktaba, ataandika anwani, na uso wa mtoto wake utafunguka mbele yake. Wema alipigiwa simu akaulizwa. Akasema barua za kompyuta hazijui, lakini mwalimu wake wa Kinorwe amemfundisha kufungua ukurasa, na kwamba ataingia maktaba kila siku mpaka aone kitu.

Roger aliazima kamera ya ofisini kwao, nikampiga picha Sumaya mimi mwenyewe: ya mbele, ya upande wa kulia, ya upande wa kushoto. Katika moja kidole changu kimeingia kidogo, lakini nani atatazama kidole. Picha zikaingia ndani ya kompyuta kwa waya. Hapo ndipo tulipokwama, kwa sababu mwanamume haingii chumba cha bibi harusi, na kompyuta haitoki, na ile ya ofisini kwa Roger ilikuwa ya kazi, hairuhusiwi kutiwa programu za watu.

"Bon, Mama Zena," alisema Roger kutoka ukumbini. "Mimi nitakaa huku inje ya pazia. Nitawaambia, ninyi mutafanya."

Akaletewa kigoda. Mansuri naye akaleta chake, akakaa kando yake kuilinda mali yake kwa masikio. Nilipitisha mkono chini ya pazia nikapokea sidi yenye programu tatu za kutengenezea kurasa. Sumaya alikuwa amepakwa manjano mpaka viwikoni. Nilimfuta vidole kwa kitambaa, akashika kipanya, na kipanya kikawa cha njano. Mpaka leo ni cha njano.

Ya kwanza Roger aliisifu sana. Alisema ndiyo ya mafundi wa kweli, kwamba ndani yake unaandika kila kitu kwa mkono, herufi kwa herufi. Nikafikiri ni sawa na kushona bila cherehani, na mimi naheshimu kazi ya mkono. Akaanza kumsomea Sumaya alama kupitia pazia.

"Andika ile alama ya hesabu ya ndogo kuliko, plus petit que. Halafu herufi. Halafu ya kubwa kuliko, plus grand que."

"Nimeandika."

"Sasa fungua ingine. Halafu funga ile ya kwanza. Hapana, usifunge ile ya kwanza, funga ya pili."

"Ya pili iko wapi?"

"Ndani ya ya kwanza."

Waliendelea hivyo mpaka manjano yakakauka mikononi mwa Sumaya yakaanza kupasuka. Roger akasema sasa tutazame ukurasa. Tukatazama. Palikuwa peupe pote, na juu kabisa pembeni jina Sumaya, dogo la kutafutwa kwa miwani. Roger akauliza kama tulifunga kila kitu tulichofungua. Nikamjibu kwamba mimi kwangu nikifungua sufuria naifunga, lakini humu sijui hata sufuria iko wapi. Programu ile nikaitoa.

Ya pili ilikuwa kipenzi cha Mansuri, kwa sababu alisikia makampuni makubwa ya Ulaya ndiyo yanayoitumia. Ilikuwa ya Kiingereza. Ilichukua muda mrefu kufunguka hata nikaenda jikoni, nikageuza maharage, nikarudi, bado inajipanga. Ilipofunguka, kioo kizima kilijaa vidude: juu vidude, chini vidude, pembeni vijisanduku vinavyoelea, na ukurasa wenyewe umebanwa katikati, mkubwa kama leso.

"Bonyeza kile kidude cha juu," alisema Roger.

"Viko vingi."

"Chenye mushale."

"Vyote viko na mishale."

"Mushale wa kuangalia kulia."

"Kaka Roger," alisema Sumaya taratibu, "kulia kwako ama kulia kwetu?"

Nilisikia Roger akigeuka kwenye kigoda kufikiri. Sumaya akabonyeza mmojawapo, vijisanduku vikaongezeka, kisha kila kitu kikasimama, kipanya kikawa hakiendi. Nje ya pazia Mansuri akauliza kwa sauti ya mtu aliyefiwa, "Mumeiua?" Nikamwambia imezimia, itaamka, awe na subira. Ikaamka baada ya kuzimwa na kuwashwa, nami nikaapa kwamba programu ile haitafunguliwa tena muda wote niwapo somo humo ndani.

Ya tatu Roger hakutaka hata kuitaja. Ilikuwa ndogo, ya Kifaransa, na alisema aliiweka kwenye sidi ili nafasi isibaki bure. "Ile iko ya watoto wa masomo, Mama Zena. Watu watatucheka."

"Acha wacheke," nikasema. "Ifungue, Sumaya."

Ilifunguka mara moja. Palikuwa na ukurasa mweupe mkubwa, na juu yake mstari mmoja wa vidude vya picha, kila kimoja kinajieleza: herufi, rangi, picha, na mshale wa kurudi nyuma. Sumaya aliandika jina lake likatokea pale pale alipoliandika. Alitaka liwe kubwa likawa kubwa. Alitaka rangi ya kanga ya shangazi yake, akaitafuta kwenye vijisanduku vya rangi akaipata. Akachagua picha, ikatokea. Akaishika kwa kipanya akaivuta katikati, ikaja bila ubishi. Mara akakosea, picha ikarukia pembeni. Nikashtuka. Yeye akabonyeza ule mshale wa kurudi nyuma, kosa likafutika, akaendelea na kazi yake. Nikasema moyoni kwamba mshale huo ungewafaa wake za watu wengi ninaowajua.

Nikamkumbuka Roger. Nikamwuliza kama bado yupo.

"Niko," akasema kwa huzuni. "Hakuna mwenye ananiuliza kitu."

"Basi hii ndiyo yenyewe," nikamwambia. "Tunachukua hii inayokuacha wewe bila kazi."

Mansuri hakukubali kushindwa. Alisema hakuleta kompyuta nzima nyumbani kwake ili itumie programu ya watoto, na kwamba huko Ulaya Wema ataaibika. Nikamwambia, "Mansuri, siku wewe ukiwekwa ndani na kupakwa manjano, utachagua ya kwako." Roger akacheka mpaka kigoda kikalia, na Mansuri akacheka pia, kwa shingo upande.

Sumaya alipanga picha zake tatu, kubwa, zimejaa kioo: ya mbele juu, za pembeni chini yake. Alipomaliza nilirudi nyuma hatua chache nikatazama, na nilijiona nasimama mbele ya bibi harusi kweli, ananitazama ana kwa ana. Machozi yalinitoka. Nikayaacha yatoke, maana nilikuwa na furaha.

"Picha, munaziona?" aliuliza Roger kutoka nje.

"Tunaziona."

"Zote?"

"Zote, tena zinang'aa."

"Basi muchukue page, muiweke mu disketi."

Tukauchukua ukurasa tukauweka kwenye disketi. Nikapiga vigelegele, majirani wakaitikia bila kujua ni vya nini, kwa kuwa wakati ule mtu akisikia vigelegele hakupoteza muda kuuliza. Disketi ilipanda na dereva kwenye msafara wa kwenda Bujumbura, askari mbele na askari nyuma, ikafika salama kwa Domitille, na Wema akasomewa anwani kwa simu. Harusi ikapangwa iwe Jumamosi. Wanawake wakaanza kuchagua mchele, samaki sangala wakaagizwa, na mama yake Asmani akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza.

Ijumaa adhuhuri Wema akapiga simu. Mansuri alinipa simu kupitia chini ya pazia, na sauti ya Wema ilikuwa ndogo.

"Zena, naona jina lake. Naona rangi ya kanga yangu. Chini iko maboksi matatu matupu. Mutoto iko wapi?"

Nilimwambia asiondoke maktaba, kisha Mansuri akampigia Domitille. Domitille alikuwa mtulivu kabisa. Alisema ndiyo, maboksi aliyaona matupu tangu alipoifungua disketi, lakini alikuwa amesikia kwamba bibi harusi wa Kiislamu akiwekwa ndani hatazamwi, kwa hiyo alidhani tumefanya makusudi. "Niliona ni heshima yenu," alisema. "Nikawaambia hata wateja wasicheke."

Roger alikuja mbio, akakaa kwenye kigoda chake na kushika kichwa. Alitueleza kosa lilivyokuwa. Ukurasa hauli picha. Unaandika tu kwamba picha iko mahali fulani, uende ukaichukue. Picha zetu zilikuwa zimebaki ndani ya kompyuta ya Mansuri, mezani, chini ya kitambaa cha kufuma. Sisi tuliziona kwa sababu tulikuwa mbele ya kompyuta hiyo hiyo. Kule Bujumbura na kule Norwe ukurasa ulikuwa ukizitafuta mahali ambapo hazipo. "Ningeona kioo kwa macho yangu ningejua mara moja," alisema. "Lakini niliuliza munaziona, mukasema munaziona."

Nilitaka kumgombeza, nikakosa pa kuanzia, maana kweli tulikuwa tumeziona. Nilipogeuka, Sumaya alikuwa amekaa kitandani na kanga mdomoni.

"Atafikiri nimejificha," alisema. "Amengoja miaka yote hii, amefungua, na mimi nimejifunika."

Neno hilo lilinichoma. Nilimwambia ainuke, arudi mezani, na asinililie manjano yakaharibika. Roger akatuelekeza kupitia pazia: tuingize picha tatu ndani ya disketi kwanza, ziwe jirani na ukurasa, kisha tufute zile za zamani na tuziweke upya kutoka hapo hapo kwenye disketi. Kwa programu ya mafundi wa kweli tungekesha. Kwa ile ya watoto, Sumaya alimaliza kabla sijamaliza kikombe changu cha chai. Safari hii Roger hakuuliza kama tunaziona. Alitaka disketi, akaenda kuijaribu kwenye kompyuta ya ofisini kwao. Aliporudi alikuwa anaimba pambio za kwaya yake, nikajua mambo ni mazuri.

Sasa nani ataipeleka? Risasi zilikuwa zimesikika huko Muhuta, msafara wa Jumamosi ukafutwa, barabara ikafungwa. Asmani alikuwa amesimama uani muda wote huo, na ndipo alipozungumza.

"Kuna boti ya injini ya wenzangu, inapeleka ndagala alfajiri," alisema. "Nitakwenda nayo."

"Kesho ni harusi yako," mama yake akamwambia.

"Ndiyo, Mama. Na bibi harusi bado iko ndani."

Tatizo moja likabaki, nalo lilikuwa langu. Disketi ile ilibeba uso wa Sumaya amepambwa, na bwana harusi haruhusiwi kumwona kabla ya siku. Nilimwita Asmani karibu na pazia nikamwapisha. Kwamba hataifungua. Kwamba Domitille akiifungua, yeye atageukia ukuta. Kwamba hata hatauliza kama picha ni nzuri. Aliapa yote, akaifunga disketi kwenye mifuko ya plastiki, moja juu ya nyingine, akaitia kifuani. Nyuma yangu nilimsikia Sumaya akicheka kimya kimya, kicheko ambacho sikuwahi kumfundisha.

Jumamosi wageni walikuja, kwa kuwa wali ulikuwa umeshapikwa na wali haungoji Norwe. Wakala harusi isiyokuwa na bwana wala bibi, wakasema imekolea. Adhuhuri ikapita. Kisha Domitille akapiga simu, akaomba kuzungumza na yule mama mkali.

"Ukurasa uko hewani, picha zote tatu," alisema. "Lakini huyu bwana wenu amekaa hapa anaangalia ukuta tangu afike. Wateja wananiuliza kama ni mgonjwa."

"Mwache," nikamwambia. "Ni mzima kuliko wote."

Wema alikuwa ameshaambiwa arudi maktaba siku hiyo, tukangoja. Wageni walijipanga ukumbini, Mansuri ameshika simu kwa mikono miwili, Roger kwenye kigoda chake. Ndani, nilimsafisha Sumaya manjano, nikampaka mafuta, nikamvika. Simu ilipolia, Mansuri aliipitisha chini ya pazia bila hata kuitazama, na mimi nikaiweka sikioni.

"Wema?"

"Nimemshika, Zena."

"Umemshika wapi?"

"Hapa kwenye kioo. Nimemshika uso. Nimemshika kulia, nimemshika kushoto. Ana shingo ya mama yake. Mwanamke wa maktaba amekuja kuniambia kioo hakishikwi hivyo, kinaharibika. Nikamwambia kwa Kinorwe changu kibovu, huyu ni mwanangu, leo anatolewa. Ameondoka." Nikasikia kitu kikiburutwa sakafuni. "Amerudi na kiti. Ameniambia nikae, nimshike vizuri."

Nilishika pazia, tayari kulivuta.

"Waambie," alisema Wema. "Nimemwona. Mpeni njia."

Nikawaambia, kwa sauti yote niliyobakiwa nayo, na Mansuri akalia mbele ya wageni wake bila kujificha. Nikavuta pazia. Sumaya hakutoka mara moja. Alinyoosha mkono akachukua simu, akasema, "Shangazi, ni mimi. Natoka sasa," kisha akapita katikati ya watu akiwa bado ameishika simu sikioni, ili Wema asikie vigelegele vyote mpaka vya mwisho.

Asmani alirudi na boti kesho yake asubuhi, ananuka mafuta ya injini, na ndoa ikafungwa adhuhuri hiyo. Lakini mtu akiniuliza Sumaya alitoka lini, mimi namjibu kwamba ni ile Jumamosi, saa ile shangazi yake alipoletewa kiti.